Shajara ya mradi: makaratasi ya mwanaharakati wa Kilindini

Februari. Mapokezi

Mkusanyiko ni wa mzee aliyeanza kama kuli, akawa mwakilishi wa wafanyakazi katika bandari ya Kilindini, kisha mwanaharakati wa haki za jamii mjini Mombasa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Yu hai na kumbukumbu zake ni nzuri. Humu tunamwita Mzee tu. Tulichopokea: makaratasi ndani ya maboksi 31 (yale yanayouziwa karatasi za fotokopi), masanduku mawili ya bati, kaseti 64, kanda 7 za VHS, bahasha za picha na negativu, mabango manne ya kitambaa, na gunia moja la vitabu vya risiti ambalo familia ilitaka kulitupa.

Kabla boksi halijaguswa, lilipigwa picha pale lilipokaa: kwa juu, kwa mbele, na jinsi lilivyopangana na jirani zake. Kila moja limepewa nambari kwa penseli ya 2B kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi wa pamba. Nambari hiyo haibadiliki hata karatasi zikihamishiwa boksi jipya, maana inaonyesha hati ilitoka wapi. Inapokaa sasa ni safu nyingine ya orodha.

Daftari la mapokezi lina mstari mmoja kwa kila boksi: nambari, maneno yaliyoandikwa nje (neno kwa neno, na makosa yake), unene wa karatasi kwa sentimita, tarehe ya zamani na ya karibuni zinazoonekana bila kufukunyua, na hatari iliyopo: kuvu, wadudu, kutu, harufu ya siki (dalili ya negativu kuoza). Sentimita moja ya karatasi za kawaida zilizobanana ni kama karatasi 80 hadi 100. Kopi za kaboni kwenye karatasi nyembamba zinaweza kufika mara mbili ya hapo, kwa hiyo boksi dogo la kopi za barua linakula muda kuliko boksi kubwa la magazeti.

Kila anayepita anauliza kama tuna kitu cha Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mgomo wa makuli wa Machi 1955. Kipo, na kinabaki ndani ya faili lake. Mtu akichomoa hati kumi maarufu siku ya kwanza, hakuna tena atakayejua zilikuwa baina ya nini na nini, na mara nyingi hilo ndilo linaloeleza kwa nini Mzee alizihifadhi.

Machi. Kukausha kabla ya masika

Kipimaunyevu cha bei ndogo kimewekwa katikati ya chumba, mbali na dirisha na ukuta wa nje. Pwani ni kawaida kukuta asilimia 75 na zaidi, na kuvu huanza kustawi ikishapita 65. Hatuna uwezo wa kushusha chumba kizima hadi 50 mchana na usiku. Tunachoweza ni chumba kidogo chenye mashine ya kukausha hewa, mlango unaofunga vizuri, na rafu za chuma zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachana na ukuta sentimita 10 ili hewa ipite na mchwa waonekane wakianza kujenga. Ndoo ya mashine humwagwa asubuhi na jioni. Ikijaa mashine hujizima kimya kimya, na usiku mmoja wa mvua unarudisha unyevu wote.

Maboksi yenye kuvu yametengwa. Kuvu mbichi hupaka ikiguswa na brashi, kwa hiyo hukaushwa kwanza kwenye hewa inayotembea, kivulini. Jua kali hukunja karatasi na kula wino. Ikishakuwa unga mkavu ndipo husafishwa kwa brashi laini, nje ya jengo, kuelekea upande upepo unakokwenda, na barakoa ya N95 na glavu. Kitambaa cha mvua hakitumiki kabisa, kinausukuma unga ndani ya nyuzi za karatasi.

Wadudu: boksi huingia kwenye mifuko miwili ya nailoni iliyozibwa kwa utepe, kisha friza kubwa kwa wiki nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Likitoka, halifunguliwi kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya karatasi baridi na umejitengenezea kuvu mpya. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, hesabu ya siku huanza upya, kwa sababu wadudu wanaopoa polepole hujihami na baridi. Picha, negativu na kaseti haziingii friza.

Masanduku ya bati yalikuwa na vidonge vya nafthalini na majani ya mwarobaini. Vyote vimetolewa. Mvuke wa nafthalini unadhuru mapafu ya anayefanya kazi na hauzifai plastiki za kaseti. Majani nayo hupaka rangi karatasi, na yakioza huwa chakula cha wadudu wale wale unaowafukuza.

Aprili. Kutu, selotepu na plastiki mbaya

Pini za stepla zilizooza ndizo zinazochana karatasi nyingi kuliko mende. Hazivutwi. Karatasi hulazwa kifudifudi, miguu ya pini hunyanyuliwa mmoja mmoja kwa kisu butu chembamba, kipande cha plastiki ngumu kikiwa kimetangulizwa chini yake kulinda karatasi, kisha pini husukumwa itokee upande wa mbele. Ikiwa imegandana na karatasi, inaachwa na kuandikwa. Baada ya kutoa, karatasi zilizokuwa pamoja hukunjiwa ndani ya karatasi moja nyeupe isiyo na asidi. Hii hairukwi, maana barua na kiambatisho chake vikitengana hakuna skana itakayovirudisha.

Selotepu ya zamani imegeuka rangi ya chai. Ile ambayo plastiki yake imeanguka yenyewe inaacha gundi kavu isiyo na madhara ya haraka; hiyo tunaiacha. Ile bado yenye kunata inawekewa karatasi ya silikoni isije ikashika jirani. Kuibandua ni kazi ya fundi wa uhifadhi.

Mzee alipanga hati zake bora kwenye mifuko ya plastiki yenye matundu ya faili. Nyingi ni PVC, inayotambulika kwa harufu na ulaini wa kunata. Wino wa fotokopi huyeyukia humo: ukifungua mfuko, maneno yanabaki kwenye plastiki na karatasi inatoka nyeupe. Dawa yake ni kupiga picha hati ikiwa bado ndani, halafu kujaribu kwenye pembe isiyo na maandishi. Ikishika, mfuko hukatwa pande tatu na kufunguliwa polepole. Mifuko mipya ni ya polyester au polypropylene.

Faksi za miaka ya 1990 ndizo zilizotangulia foleni ya kupigwa picha. Karatasi yake hushika maandishi kwa joto, na kwa joto hilo hilo hufifia au huwa nyeusi. Familia ilikuwa imepeleka mbili kufanyiwa lamineti. Zimekuwa nyeusi tii.

Mabango yana rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha pamba. Hayakunjwi. Yamezungushwa kwenye mabomba ya kadibodi yaliyofunikwa kwa marekani iliyofuliwa bila dawa ya kulainisha, upande wenye rangi ukitazama nje. Rangi ikitazama ndani hukunjamana na kupasuka.

Mei. Mpangilio

Mzee alikuwa na mpangilio, ingawa hauonekani mara moja. Alihifadhi kwa ugomvi. Kila kesi ya mfanyakazi aliyefukuzwa ina bahasha yake, na ndani yake mna barua ya mwajiri, majibu ya chama, kijikaratasi cha nauli, hata kipande cha gazeti. Rahisi ingekuwa kuyatenga magazeti na magazeti, barua na barua. Hatukufanya hivyo. Makundi makuu ni matano: tawi la chama, kesi za wafanyakazi, kampeni za mtaani (ardhi, maji, nyumba, katiba), mahojiano na kaseti, na mambo ya nyumbani. La mwisho lina kipande cha baba yake Mzee, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, bado kikiwa ndani ya kikasha chake cha bati. Karatasi imetolewa kwa sababu kikasha kimeoza, lakini vyote viwili vina nambari moja.

Gunia la risiti limegeuka hazina. Kabla ada kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, mfumo ulioenea Kenya miaka ya 1960, karani wa tawi alikusanya pesa mkononi na kukata risiti. Kitabu kinaonyesha nani alilipa, mwezi gani, na nani aliacha kulipa mara tu mgomo ulipoisha. Kumbukumbu za mikutano zitakwambia tawi lina nguvu. Risiti ndizo zinazoonyesha kama ni kweli. Tukilazimika kuchagua kati ya sentimita kumi za hotuba na sentimita kumi za risiti, tunachukua risiti.

Juni. Tarehe

Karibu theluthi ya vipeperushi havina mwaka. Vya miaka ya 1980 havina hata jina la mchapaji, na sababu yake iko wazi: kupatikana na karatasi ya uchochezi kulimfikisha mtu jela, kama ilivyoonekana kwenye kesi za Mwakenya, kundi la siri la upinzani, za 1986 na 1987. Kosa lenyewe lilifutwa katika sheria mwaka 1997. Mtu hakuandika jina lake kwenye karatasi ya namna hiyo, na anayeorodhesha leo asijaribu kulikisia.

Kwanza tunasoma kichwa cha barua na muhuri. "Colony and Protectorate of Kenya" ni kabla ya uhuru wa 12 Desemba 1963. East African Railways and Harbours ni 1948 hadi 1969, ikaja East African Harbours Corporation, na Kenya Ports Authority ni kuanzia 1978. Upande wa vyama: East African Trade Union Congress ya Makhan Singh na Fred Kubai ilizaliwa 1 Mei 1949 na viongozi wake wakakamatwa Mei 1950, Kenya Federation of Registered Trade Unions ni 1952, ikabadili jina kuwa Kenya Federation of Labour mwaka 1955, COTU (Central Organization of Trade Unions) ni 1965. Ila kichwa cha barua hutoa upande mmoja tu wa jibu. Ofisi maskini hutumia karatasi za zamani mpaka ziishe, na kugonga muhuri mpya juu ya jina la zamani. Kwa hiyo tunaandika "si kabla ya 1955", kamwe si "1955 hadi 1965", mpaka kipatikane kitu kingine.

Kitu kingine kwa kawaida ni siku ya wiki. Kipeperushi kinachosema "Jumamosi tarehe 7 Julai" kinaweza kuwa cha 1973, 1979, 1984, 1990 au 2001. Kikitaja vyama vingi, 1990 inasogea mbele, maana ndiyo Saba Saba yenyewe, siku ya mkutano wa kudai vyama vingi. Lakini karatasi kutaja siku maarufu si ushahidi kwamba inahusu tukio maarufu. Tumekuta mwaliko wa harusi.

Saa zimetuangusha zaidi kuliko miaka. Tangazo la Kiswahili likisema "saa nane" ni saa 14:00, na kumbukumbu za mkutano huo huo zilizoandikwa kwa Kiingereza zitasema 2.00. Aliyejaza orodha kwa haraka ameandika mikutano miwili, mmoja asubuhi na mmoja alasiri. Sasa safu ya saa ina sehemu mbili: ilivyoandikwa, na saa 24. Vivyo hivyo kwa barua chache zenye tarehe za Hijria: tunanakili ilivyo, tunageuza, na kuongeza "± siku 1", kwa kuwa mwandamo wa mwezi haukuwa mmoja kila mahali. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina mtego wake, kurasa huanzia kulia, na mpiga picha asiyejua ameshapanga faili nzima kinyumenyume.

Programu ya jedwali nayo ina ukaidi. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani husoma 3/4/55 kuwa 4 Machi, na nambari 0017 inakuwa 17. Safu zote zigeuzwe kuwa maandishi matupu kabla ya kuandika chochote, na tarehe ziwe 1955-04-03. Palipo na mwezi tu, 1955-04. Usijaze sifuri za uongo.

Daftari moja la Mzee lina mahojiano aliyofanya na makuli wazee kuhusu mgomo mkuu wa Januari 1947, ambapo watu wapatao 15,000 waliacha kazi na African Workers' Federation ikazaliwa. Jina "Kiwanja cha Maskini" linajirudia. Wagomaji wenyewe ndio walioupa uwanja wao wa mikutano jina hilo, na hulikuti kwenye ramani rasmi, kwa hiyo limeingizwa kwenye faharasa ya mahali kama lilivyo. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho hilo aliyekamatwa Agosti mwaka huo, anaandikwa humo kwa tahajia tatu tofauti. Faharasa inaziunganisha, nakala ya maandishi haizisahihishi.

Julai. Skana

Hatimaye. Maandishi ya kawaida ppi 300 (nukta kwa inchi), vipeperushi vidogo na saiklostaili (nakala za mashine ya stensili) 400, picha 600, negativu za milimita 35 kwa 3200. Yote kwa rangi, hata yanayoonekana meusi na meupe, kwa sababu wino wa muhuri na penseli nyekundu ya karani hupotea kwenye kijivu. Ukurasa wa A4 wa ppi 400 bila kubanwa ni takribani MB 46, hivyo kurasa 6,000 ni kama GB 276, na diski ya TB 1 inatosha ukiongeza sauti. JPEG hutengenezwa baadaye kwa ajili ya kusoma tu.

Jina la faili: KLD_B07_F03_0012_r.tif, yaani mkusanyiko, boksi, faili, karatasi, upande wa mbele. Nyuma ya karatasi hupigwa hata ikiwa na alama ya kikombe cha chai tu. Hakuna nafasi tupu wala alama za pekee ndani ya jina.

Saiklostaili zinasumbua. Wino wake wa mafuta umetoka nje ya herufi na kuacha duara la njano. Kusukuma utofauti wa mwanga kwenye skana kunafuta herufi dhaifu, kwa hiyo faili kuu inabaki ilivyo na marekebisho hufanywa kwenye nakala. Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ina data ya Kiswahili na inasoma vizuri chapa za kiwandani; kwenye saiklostaili inatoa takataka. Hapo ni haraka zaidi mtu kuandika mistari mitatu: nani kwa nani, kuhusu nini, majina gani yamo.

Nakala tatu: diski mbili hapa, za aina tofauti, na moja nje ya kisiwa. Kila usiku wa Ijumaa hesabu za SHA-256 (alama ya kidijitali inayobadilika faili likiharibika) zinalinganishwa. Kompyuta inakaa kwenye UPS (betri ya akiba), kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika kwenye diski ya exFAT, folda nzima inaweza kutoweka.

Agosti. Kaseti

C-60 na C-90 (kaseti za dakika 60 na 90) ziko salama kiasi. C-120 ina utepe mwembamba mno. Haizungushwi kwa kasi mbele na nyuma, inachezwa mara moja kwa mwendo wake. Kabla ya yote, vijipande viwili vya plastiki juu ya kaseti huvunjwa ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya.

Tatizo la kawaida ni kile kisponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa: gundi imekauka, kimeanguka, sauti inasikika kwa mbali kama iko chini ya mto. Utepe huhamishiwa kwenye ganda jipya la skrubu, si lililogundishwa. Kichwa husafishwa kwa alkoholi ya isopropili baada ya kila kaseti mbili, na pembe ya kichwa hurekebishwa kwa sikio mpaka herufi "s" zisikike kali, maana kila redio ya kurekodia ya zamani ilikuwa na pembe yake.

Rekodi ni WAV ya Hz 48,000 na biti 24. Saa moja ya stereo ni kama GB 1. Hotuba za kipaza sauti kimoja tunahifadhi mono, nusu ya hapo. Kaseti kadhaa zinaenda mbio na sauti ni nyembamba: betri zilikuwa zinaisha wakati wa kurekodi. Mwendo hurekebishwa kwenye nakala ya kusikiliza tu.

Septemba. Nani aone nini

Kuvitambua vilivyomo pichani kunafanywa kwa chapa za A4 zenye nambari. Swali ni "unaona nini hapa?", si "huyu si fulani?". Jina huingia orodhani pamoja na aliyelitaja na tarehe, na hupewa A likitajwa na watu wawili walioulizwa mbalimbali, B likitajwa na mmoja, C likiwa la kukisia. Nyuma ya picha haiandikwi kitu kipya.

Haki za utunzi: kwa sheria ya Kenya, maandishi yanalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, picha miaka 50 tangu ilipopigwa au kutolewa. Barua zilizo kwa Mzee ni zake kama karatasi, lakini maneno ni ya waliomwandikia.

Zito zaidi ni watu. Orodha za wanachama, kesi zenye habari za ugonjwa, na zile karatasi za mgomo zinazomtaja mtu kuwa kibaraka wa mwajiri bila ushahidi. Waliotajwa wengine wako hai, na watoto wao wanaishi mitaa ile ile na watoto wa waliowashutumu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahusu walio hai. Sisi tumeenda mbali kidogo. Faili hizo zinaonekana kwenye orodha kwa jina la jumla na miaka, picha zake za skana ziko kwenye folda iliyofungwa kwa nywila, na kufunguliwa kunahitaji ruhusa ya Mzee, au familia baada yake, kwa maandishi. Kuweka weusi juu ya majina kwenye PDF hakutoshi: maandishi yaliyo chini yake mara nyingi yanaweza kunakiliwa. Nakala ya umma hutengenezwa upya kutoka kwenye picha iliyozibwa tayari.

Oktoba. Yaliyobaki

VHS saba zinasubiri deki ya PAL (mfumo wa video uliotumika Kenya) yenye kichwa kizima. Mbili zina ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe na haziingizwi kwenye mashine yoyote mpaka zisafishwe, la sivyo zitaambukiza nyingine zote. Negativu za boksi la 22 zinanuka siki, zimetengwa kwenye bahasha za karatasi zinazopumua na zimepanda foleni. Maboksi 24 yameorodheshwa hadi ngazi ya faili, 11 yamepigwa skana. Boksi la 29 limeandikwa kwa nje "usifungue kabla sijafa", na Mzee, alipoulizwa, amesema libaki hivyo. Limefungwa kwa uzi, limewekwa nambari, na liko rafu ya juu.